Sinia Mbele ya Antena

Tibirinzi, Chake Chake,
Pemba.
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwa kaka yangu mpenzi Thuwein,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na nyumba nzima wazima, alhamdulillahi. Natumai barua hii itakukuta nawe u hali njema, wewe na wifi yangu Rahila na watoto, na kwamba joto la Maskati limeanza kuwahurumia. Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema umepewa dawa ya kuchua, nami nikakuuliza kama unaitumia ukababaika kujibu. Itumie, kaka.

Najua utashangaa. Bi Mwanakhamis, jirani yetu, anakuja huko kumtazama binti yake aliyejifungua, na tumempa kifurushi chako: karafuu, vileja na pilipili za kuanika. Chini kabisa utaikuta bahasha hii, na utajiuliza Asma huyu anayejisifu kwa kompyuta amekumbwa na nini hata akashika kalamu. Mwandiko wenyewe unauona, vidole vimeshazoea vitufe. Ni amri ya Mama. Kasema jambo hili liandikwe kwenye karatasi, maana karatasi haikatizwi, na wewe kwenye simu una tabia ya kumkatiza mtu kabla hajafika anakokwenda. Basi nakuomba, kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa wake, usome mpaka mwisho ndipo ushike simu yako. Hakuna msiba. Nakwambia mapema usije ukaruka mistari.

Kabla ya yote nataka kukushukuru. Tangu ulipotuletea ile kompyuta, na baadaye ukatufungia intaneti ya antena, nyumba hii imepata neema nyingi. Mimi nimejifunza mambo ambayo skuli hatukuyaona hata kwenye picha. Na kwa sababu ya hiyo kompyuta nimepata marafiki ambao leo siwezi kuwaita marafiki tu. Nilishakutajia, lakini hukuwahi kuwajua vizuri, ngoja nikujuvye.

Kuna Ridha, mwenye duka la kutengeneza simu pale mjini. Huyu kila tatizo la mtandao analitupia waya. Anaamini chumvi ya bahari imeingia ndani ya kila kebo ya kisiwa hiki, na hutembea na koleo mfukoni kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Kuna Mwalim Abrahman, anayesomesha hesabu, ambaye kwake yeye kila ugonjwa wa kompyuta dawa yake ni moja, kufuta kila kitu na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Ukimwambia kitufe kimeng'oka atakwambia weka Linux. Na kuna Bi Mwanawema, mwalimu mstaafu, mtu mzima wa makamo ya Mama, aliyejifunza kompyuta baada ya kustaafu na sasa hashikiki. Ameweka herufi za kompyuta yake kubwa kiasi kwamba ukikaa upande wa pili wa chumba unamsomea barua zake. Swali lake ni lile lile siku zote: mmeizima mkaiwasha? Na jambo la kuudhi ni kuwa mara nyingi hatujaizima. Tunakutana barazani kwa Ridha, na siku zote zilizobaki tunabishana kwenye kundi la simu.

Sasa nije kwenye mkasa wenyewe. Unakumbuka jinsi mtandao wetu ulivyokuwa ukitutoa roho kila Ijumaa. Wewe huko Ijumaa ni siku yako ya mapumziko, unapiga baada ya alasiri uonane na Mama kwa picha, na sisi tukishakaa mbele ya kioo, sura yako inaganda mdomo wazi, kisha inapotea. Jumamosi asubuhi mtandao unapaa. Jumatatu unapaa. Ijumaa alasiri, hamna. Ulikasirika ukasema kampuni ya mtandao inatuibia, ukanitaka niende afisini kwao. Nilikwenda. Wakaangalia kwenye mashine yao wakasema mnara wao hauna kasoro, nikarudi nimenuna.

Kundi letu likalichukua jambo hili kwa heshima yake. Ridha alikuja akabadilisha kebo yote kutoka kwenye antena mpaka kwenye ruta, akanionesha kutu kwenye ncha moja kwa furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Ijumaa iliyofuata mtandao ukakatika. Mwalim Abrahman akasema Ijumaa mji mzima uko nyumbani, kila mtu anaangalia video, masafa yamejaa, akanibadilishia chaneli za ruta. Ukakatika. Bi Mwanawema akaniuliza kama nimeizima na kuiwasha, nikamwambia nimeizima mpaka kitufe kinaniogopa. Tukaiapdeti ruta, tukahamisha ruta kutoka juu ya friji, tukabadilisha nywila tukidhani jirani anatunyonya. Nilimshuku hata Bi Mwanakhamis maskini, Mungu anisamehe, na ndiye huyo aliyekubebea barua.

Picha ikishakatika, unajua mwenyewe, ulikuwa ukipiga simu ya kawaida. Hapo Mama huchangamka. Atakusimulia nani kaoa, nani kafiwa, bei ya karafuu, atakucheka, atakuombea dua. Nilimwambia mara kadhaa kwamba tutumie simu yangu akuone japo kwa kioo kidogo, akasema sura ndogo inamtia kizunguzungu, na sauti inamtosha. Mimi nikaona ni mambo ya watu wazima.

Siku moja Ridha akaamua kuja Ijumaa yenyewe, aione homa inapopanda. Mwalim Abrahman naye akaja, wakafuatana kutoka msikitini. Unaikumbuka desturi ya marehemu baba, chakula cha Ijumaa hakiliwi peke yetu, na Mama hajaiacha. Alipika pilau ya kuku, wakaja jirani, wanaume wakakaa kwenye sinia lao ukumbini na sisi kwenye letu ndani. Walipomaliza, Ridha akafungua kompyuta yake akawa anapima nguvu ya mtandao, namba zikiwa nzuri kabisa. Mama akaosha vyombo uani. Mara namba zikaanguka, mpaka chini kabisa. Ridha akatoka mbio na koleo lake.

Kaka, antena uliyotufungia ilikuwa juu ya paa, lakini tulipobadilisha mabati fundi aliishusha akaifunga kwenye ukuta mfupi wa uani, karibu na tangi la maji, ikielekea mnarani. Na ukuta ule ndipo Mama anapoanika vyombo. Ridha alipofika alilikuta sinia kubwa la bati, lile la harusi yako, limeegemezwa juani likauke, mbele kabisa ya antena. Alilisogeza kidogo, Mwalim Abrahman akapiga kelele kutoka ndani kwamba namba zimerudi. Akalirudisha, zikaanguka. Wakafanya hivyo kama watoto, rudisha, sogeza, mpaka wote wawili wakakaa chini wanacheka. Miezi yote tuliyobadilisha kebo na chaneli na nywila, ilikuwa pilau ya Ijumaa. Nani mwingine duniani angeukata mtandao wake kwa sinia la chakula cha jirani?

Mama alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Ridha, kwa hamu yake ya kusomesha, akamweleza kwa urefu kwamba mtandao unakuja kwa mstari kama mwanga, na kwamba bati linauzuia, mkeka hauzuii sana, nguo hazizuii, lakini bati ni ukuta. Mama akamsikiliza kwa makini. Akamuuliza, "Kwa hivyo likikaa sinia pale, Thuwein haonekani?" Ridha akasema ndivyo. Na yeye Thuwein hatuoni sisi? Ndivyo, Mama. Akasema, "Haya, n'shafahamu." Akaliondoa sinia, na sote tukaona limekwisha.

Ijumaa iliyofuata mtandao ukakatika.

Nilitoka uani nikalikuta sinia pale pale. Nikaliondoa nikifikiri Mama kasahau. Lakini nilipolishika niliona ni kavu, na lina vumbi la kabatini. Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, jirani hawakuja, tukala wali kwa sahani, wawili tu. Sinia halikutumika. Mama alikuwa amekwenda kulitoa kabatini, akalipeleka uani kwa makusudi, akaliegemeza mbele ya antena muda mfupi kabla hujapiga. Nilisimama pale na sinia mkononi, kaka, na kwa kweli nilimkasirikia. Nilidhani amechoka nawe. Nilidhani labda mmegombana na mimi sikuambiwa.

Sikumuuliza. Nilimwita Ridha airudishe antena juu ya paa, mahali ambapo hakuna mkono wala sinia litakalofika. Nikamwambia Mama fundi kasema itashika zaidi. Akasema vyema.

Wiki hiyo hiyo kompyuta ikatoa onyo tena kwamba mfumo wake ni wa zamani na hautapata maboresho. Mwalim Abrahman alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa miaka. Alikuja na kifaa chake cha flashi amevaa kanzu safi kama anakwenda kuposa, akatuwekea Linux. Kompyuta ikawa nyepesi, nakiri, inawaka kabla sijakaa kitini. Ila ilikuwa bubu. Alitafuta sauti asubuhi nzima akaikosa, akasema ni jambo dogo, na mpaka leo bado ni jambo dogo. Ridha akatuazima spika yake isiyo na waya, mimi nikaiweka juu ya kabati la vyombo, upande wa kushoto, kwa sababu mezani hapakuwa na nafasi.

Ndiyo Ijumaa ile unayoikumbuka. Ulipiga, picha ikaja safi kuliko siku zote, kila unywele wako unahesabika. Mama alikaa kwenye kiti chake mbele ya kioo, mtandio umepangwa vizuri. Ukasema assalaam alaykum Mama. Na Mama akageuka akaliitikia kabati.

Wewe uliniambia niisogeze kamera, kwa sababu unaliona sikio la Mama na mtandio tu. Nikakwambia nitaisogeza. Kamera haikuwa na kosa, Thuwein. Mama aliongea na kabati la vyombo muda wote, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, anakwambia mashallah umenawiri, na wewe uko mbele yake umejaa kioo kizima. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikashika mgongo wa kiti.

Mlipoagana nilizima kompyuta, nikakaa chini mbele yake, nikamuuliza ananiona. Akasema, "Nakuona, mwanangu." Nikamuuliza nimevaa rangi gani. Akanyoosha mkono akanishika shavu akasema kama nilivaa lile gauni la jana basi ni la buluu. Nilikuwa nimevaa jeupe.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lilianza kabla ya mfungo wa mwaka juzi, kama ukungu, akadhani ni uzee. Taratibu likafunga. Mimi ninayelala naye nyumba moja sikujua, na hilo linaniuma mpaka sasa, ila kila kitu humu ndani anakijua kwa mkono. Anajua ngazi, anajua mitungi, anajua chumvi iko wapi na sukari iko wapi. Kupika pilau anasikiliza mafuta. Mahali pekee palipomshinda ni mbele ya kompyuta, kwa sababu kioo hakishikiki, na wewe kila wiki ulikuwa na kitu cha kumwonesha: Mama tazama meno ya mtoto, Mama tazama pazia jipya, Mama unaionaje hii. Aliogopa siku moja utamuuliza akajibu ovyo. Mwanzo sinia lilikuwa bahati tu, akamshukuru Mungu kwa kukatika mtandao bila kujua kwa nini unakatika. Ridha alipomsomesha, akajua. Sisi na elimu yetu ndio tuliompa njia.

Nilimuuliza kwa nini alificha. Hapa ndipo ninapotaka uwe mtulivu, kaka. Alisema kwa ajili yako. Alisema baba alipougua uliiacha kazi ukaja, ukamuuguza mpaka tukamzika, na uliporudi Maskati nafasi yako ilikuwa imeshachukuliwa, ukakaa bila kazi muda mrefu na mtoto mchanga ndani, na hukumwambia mtu. Yeye alijua. Rahila alimwambia. Akaniambia maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema: "Yule si mtu wa kuambiwa mamake kipofu akakaa. Atakuja. Na mie macho yangu hayatomrejeshea kazi." Alisema mtandao ukikatika hakuna anayemlaumu mtu, kila mmoja analaumu waya. Kisha akaniapisha nisikwambie.

Sikulala vizuri siku zile. Kukwambia siwezi, nimeapa, na kukaa kimya siwezi, namwona Mama anapapasa. Nilikwenda barazani kwa Ridha siku moja nikakaa kimya mpaka Mwalim Abrahman akaniuliza kama kompyuta imekufa. Nikalia mbele yao. Niliwaambia yote, kwa sababu niliapa nisikwambie wewe, si wao. Ridha alishika kichwa. Alisema yeye aliingia nyumba hii mara ngapi sijui, amekula chakula chake, ametazama namba za antena, na hakumtazama bibi mwenyewe. Bi Mwanawema alisimama akavaa viatu akaniambia twende.

Bi Mwanawema, kumbe, mwenyewe alitolewa mtoto wa jicho miaka ya nyuma. Zile herufi zake kubwa tulizokuwa tukimtania ni desturi aliyobaki nayo tangu wakati haoni. Aliingia kwa Mama, akaniambia nikachemshe chai na nisiharakishe. Wakakaa wawili. Nilivyosikia kutoka jikoni, hakumbembeleza. Alimwambia alilala kitandani hospitali, ikachukua muda mfupi kuliko kusuka ukili wa mkeka mmoja, na kesho yake akaona uchafu wote wa nyumba yake akatamani asingeona. Mama akacheka. Halafu akamuuliza kama inauma, na nikajua amekubali.

Sasa lazima niungame, na naomba radhi kwako kabla sijasema. Ijumaa zile mbili nilizokwambia kompyuta iko kwa Ridha inatengenezwa, kompyuta ilikuwa mezani pake, nzima. Nilikudanganya. Na ile siku ulipopiga ukasikia sauti za watu wengi ukauliza kuna harusi ya nani, haikuwa harusi. Mama alikuwa kwenye benchi la hospitali anasubiri zamu yake, akakwambia kwa sauti ya furaha kwamba tuko kwa watu. Hakusema uongo, watu walikuwepo. Aliponirudishia simu yangu mkono wake ulikuwa wa baridi. Bi Mwanawema alikuwa upande huu, mimi upande wa pili. Mwalim Abrahman aliomba ruhusa skuli akaja kutupeleka. Ridha alifunga duka, kitu asichokifanya hata siku za mvua ya masika, akakaa nje mlangoni na koleo lake mfukoni hana la kukata.

Alhamdulillahi, Thuwein. Wamemfanyia jicho la kulia, na la kushoto litafuata jicho hili likishapoa. Asubuhi ya pili daktari alibandua kitambaa kilichofunika jicho, akanyoosha vidole akamuuliza vingapi. Mama hakumjibu. Alikuwa anamtazama muuguzi aliyesimama pembeni, akasema, "Huyu mtoto kajipaka hina vizuri." Muuguzi akaficha mikono kwa haya, na mimi nikatoka nje nikasujudu pale pale varandani, watu wanapita.

Nilidhani tukifika nyumbani atataka kukuona papo hapo. Alikataa. Alisema jicho bado jekundu, ukimwona mamako na jicho jekundu utapanda ndege. Ila akaniuliza kama zipo picha zako kwenye kompyuta. Zipo. Mimi nina tabia, kila Ijumaa picha ikitulia kabla ya kukatika, naihifadhi jinsi ilivyo kwenye kioo, na zote zimo mahali pamoja, tangu ulipotuletea kompyuta. Akavuta kiti chake karibu sana, mpaka pua inataka kugusa. Nikamfungulia ya mwisho, ile ya wiki ya kabati.

Aliitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Hii picha ya baba yenu mbona siijui? Kapigwa wapi?"

Nikamwambia, Mama, huyo ni Thuwein.

Unajua ndevu zako zimekuwa nyeupe, kaka, na hukumsikia hata siku moja akizitaja, wala wewe hukushangaa. Tangu uhamie kazi hii mpya zimegeuka, na uso nao umekonda ukachukua wa baba. Sisi tumeyaona mabadiliko yakija kidogo kidogo kwa hiyo hatukuyaona. Mama mara ya mwisho alipokuona kwa jicho lake ulikuwa kijana mwenye ndevu nyeusi. Alishika kioo kwa vidole, akafuata shavu lako kwa kidole mpaka chini.

Kisha akaniambia nimrudishe nyuma. Nikamrudisha picha moja moja, Ijumaa hadi Ijumaa, mpaka tukafika kwenye ile ambayo ndevu ni nyeusi na mtoto mdogo umembeba. Akasema, "Basi, hapa ndipo n'lipomwachia." Halafu akataka twende mbele tena, polepole, asikose hata moja. Kila picha alisimama. Aliniuliza hapa ulikuwa unaumwa, nikakumbuka kweli uliumwa. Aliniuliza hapa ulikuwa umegombana na mkeo, hilo sikulijibu. Aliiona mvi ya kwanza kabla yangu, akanionesha. Maghrib ikaingia bado tumo, tukasali tukarudi. Alipofika tena kwenye ile ya mwisho, hakuuliza ni nani.

Ndipo akaniambia nikuandikie. Amenifungua kiapo mwenyewe. Anasema usije sasa, kazi yako uishike, ukipata likizo ya halali njoo na watoto, naye atakuwa na macho mawili. Anasema asante kwa kompyuta, jambo ambalo hajawahi kulisema, maana hakupata kuona faida yake. Na mimi nakushukuru, na namshukuru Mungu aliyetupa watu hawa wa barazani. Nikikuomba zawadi, basi mletee Ridha koleo jipya, hilo lake limechoka.

Mama anakusalimu sana, anamsalimu Rahila na kila mtoto kwa jina lake. Bi Mwanawema na Mwalim Abrahman wanakusalimu, na huyu Mwalim anasema kuhusu sauti bado anatafuta. Jirani wote wanakuulizia. Spika nimeiteremsha kutoka kabatini, sasa iko chini ya kioo. Mungu akulinde, akuzidishie riziki, atukutanishe kwa heri.

Ujumbe wa Mama kwa Ijumaa nauandika kama alivyonitamkia, amenisimamia hapa anatazama kalamu ikienda, kitu ambacho mwezi uliopita asingeweza. Anasema upige baada ya alasiri kama kawaida. Usiwe na maneno mengi, ya kusema yote mmeshayasema. Ukae tu penye mwanga.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Asma binti Salem